Titi la Wimbi, Titi la Kuprinti

Wimbi lile bado ninalo. Limo ndani ya mkebe wa kakao juu ya kabati la vyombo, hapa Kiganjo ninapokaa na mama, na halizidi vikombe viwili. Mama hataki nilisage la uji. Mimi siwezi kulimwagia kuku. Kila nikipangusa kabati nauinua ule mkebe, napangusa chini yake, naurudisha, na kila nikiurudisha nakumbuka neno nililomwambia mdogo wangu kwenye korido ya hospitali. Mdogo wangu sasa hayupo, na mpaka leo sijui kama neno lile lilikuwa uongo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikafundishwa kushona na shangazi, na kwa miaka mingi cherehani yangu imekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Thika. Mwenye duka ni mama mzee wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa Thika, na Kikuyu chake kimenyooka kuliko cha vijana wetu. Yeye huniita fundi, mimi humwita mama. Mama yangu wa kunizaa mimi humwita mami, kwa hiyo hatuchanganyikiwi, angalau katika hilo.

Mdogo wangu alikuwa na saluni Ruiru, upande wa Mwiki. Nilimtangulia kwa miaka saba, lakini kwa mdomo alitushinda sote. Aliniita wa maitu, yaani mtoto wa mama, kama dada wa kwetu wanavyoitana, na akitaka kitu aliivuta ile sauti ya mwisho mpaka mtu akubali. Alipopata uvimbe kwenye titi la kushoto hakuuita uvimbe. Aliuita mgeni. "Mgeni wangu ameamka vibaya leo," alikuwa akisema kwenye simu. Majibu yalipotoka na daktari akasema titi litolewe lote, na lisicheleweshwe, mdogo wangu aliacha kuuita mgeni. Hakuuita kitu chochote tena. Alisema tu kwamba hakatwi.

Tulimbembeleza wiki tatu. Mchungaji alimbembeleza. Mimi, ambaye sijui kuongea, nilikwenda Ruiru nikakaa kwenye saluni yake siku nzima nikimtazama akisuka watu, na jioni nikarudi bila kusema lolote. Nafikiri aliona aibu kwa ajili yangu, maana Jumapili iliyofuata alikuja Kiganjo mwenyewe, na alikuwa amechangamka.

Alikuwa ameona video kwenye simu ya mteja. Mashine ilikuwa ikitembeza sindano huku na huku, kama mtu anayepamba keki, na kilichobaki juu ya kisahani kilikuwa kitu cha rangi ya uji, chenye umbo la titi.

"Wanaprinti tishu," alituambia. "Wanachukua seli zako wewe mwenyewe, wanaprinti tishu, wanakuwekea pale walipotoa."

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Mkono ukasimama. "Tishu?"

"Ee, mami. Tishu."

"Ngai! Mtoto wangu wanataka kumwekea karatasi ya choo kwa kifua?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, lakini nilichelewa kidogo, na nitasema kwa nini. Hata mimi nilikuwa nimefikiria ile ile ya roli. Kule dukani ukisema tishu ni hiyo, na ukisema kuprinti ni picha ya pasipoti. Nilikuwa nimeona kichwani karatasi nyeupe, laini, imekunjwakunjwa na kugandishwa na gundi, na nilikuwa najiuliza itafanya nini akitoka jasho.

"Tishu ni nyama, mami. Nyama ya mwili."

"Basi si waseme nyama."

"Nyama ya kuprinti?"

"Aca, hapana," mama alisema. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Halafu mdogo wangu akaacha kucheka. Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia maharagwe, "Kama hiyo iko, nitakubali wanikate. Kama haiko, niacheni nife na zangu mbili." Mama aliendelea kuchagua maharagwe, na nilimwona akitupa mazima na kubakiza yaliyotobolewa.

Tulirudi hospitalini wiki ile ile, mimi na yeye. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Pembeni alikaa nesi mnene wa makamo, kalamu ameichomeka kwenye nywele, anapanga mafaili. Daktari alieleza upasuaji mara nyingine, polepole, na mdogo wangu alisikiliza kama anayesikiliza mtu akimwelekeza njia ya mahali asipokwenda. Kisha akainuka.

"Wa maitu, muulize ile ya kuprinti," alisema. "Mimi nikiuliza nitalia, na sitaki kulia mbele ya watoto." Mtoto alikuwa daktari. Mdogo wangu akachukua mkoba wake akatoka nje kwenye korido.

Kwa hiyo nikabaki mimi. Niliuliza vibaya. Nilisema, "Daktari, titi ya printa iko?"

Nesi aliinua kichwa. Daktari hakucheka, na kwa hilo ninamshukuru mpaka kesho. Alichukua fomu iliyoharibika, akaigeuza, akachora kitu kama wavu.

"Ni kweli iko, mama, lakini si vile watu wanafikiria," alisema. "Mashine inajenga kiunzi, tabaka juu ya tabaka. Kiunzi kinawekwa ndani, mwili unakijaza mafuta yake na mishipa yake, halafu chenyewe kinayeyuka polepole."

"Kama waya ya nyumba ya kuku?"

"Kama hiyo. Lakini laini."

"Halafu mwili unamea juu yake?"

"Unamea juu yake. Kuna nchi za mbali wameanza kujaribu kwa wagonjwa wachache. Ile ya kuprinti na seli za mtu mwenyewe, hiyo iko nyuma zaidi, ni ya maabara."

"Na hapa kwetu?"

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu. Ninavyokumbuka, alisema, "Hapa bado." Kisha akaniambia kuna njia nyingine, kuna silikoni, kuna kutumia nyama ya tumbo la mtu mwenyewe, na kwamba hayo wangeyazungumza baadaye, mgonjwa akiwa salama. Kisha akaniambia, na hili nalikumbuka bila shaka yoyote kwa sababu aliweka kalamu chini, "Mwambie asingoje hiyo. Mwambie asingoje."

Lugha yetu hii imelipa neno bado kazi nyingi mno. Chakula bado, maana yake kiko jikoni na kinakuja. Mvua bado, na huenda isije mwaka huu. Muulize mzee kama mwanawe ameoa, atakwambia bado, na huyo mwana ana mvi. Ni neno ambalo halifungi mlango na halifungui. Nilitoka na neno hilo mle chumbani, nikapita milango mitano au sita mpaka kwenye benchi alipokaa mdogo wangu, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba.

"Amesemaje?"

Nikamwambia, "Bado kidogo."

Aliniangalia sana. "Kidogo kama lini?"

"Hakusema."

Hilo lilikuwa kweli. Hakusema. Lile la asingoje, sikulisema. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, na ninajua nililimeza kwa sababu niliona mabega yake yameshuka, na nilikuwa sijayaona yakishuka kwa wiki tatu.

"Sawa," alisema. "Wakate hii basi, nishike foleni mapema."

Alikatwa siku nane baadaye.

Sitaandika yote ya mwaka ule. Dawa zilimtoa nywele, naye ni msusi, na akaning'iniza kibao mlangoni kilichoandikwa kwamba kinyozi amekosea. Jirani yake wa upande wa kulia alikuwa na saibaa, mahali pa kutoa kopi na kuprinti, na mdogo wangu hakumpa amani. "Umeongeza wino?" alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni. "Nataka moja tu, ya kushoto! Karatasi ya kawaida itatosha, au niletee nene?" Yule mwanamume alikuwa akiinama nyuma ya mashine yake mpaka aondoke. Wateja walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini kwenye kila utani kulikuwa na ile "kidogo" yangu.

Alipoanza kuvaa vizuri tena, nguo zilimkataa. Blauzi zilianguka upande mmoja. Aliweka soksi, aliweka kitambaa cha mtoto, na mara moja, kwa ajili ya mama, aliweka roli ya karatasi ya choo na kuja nayo Kiganjo. "Mami, tishu imefika," alisema. Mama alimpiga na mwiko, kisha akakaa kwenye stuli akalia.

Nilimweleza mwenye duka. Sikumweleza kwa kutaka msaada, nilikuwa tu nimekosea kukata kitambaa chake na nilitaka ajue kichwa changu kilikuwa wapi. Akashika mkono wangu akaugonga kwenye kifua chake, upande wa kulia, juu ya sari. Palikuwa na kitu kigumu kidogo, kizito, kinachotembea.

"Miaka mingi," alisema. "Wewe ulikuwa hujaja hapa."

"Mama, sikujua."

"Kwa nini ujue? Si ndiyo maana nimeshona vizuri?" Akacheka. "Sasa sikiliza, fundi. Pamba peke yake usiweke. Pamba ni nyepesi, itapanda mpaka shingoni, halafu mtu anaongea na wewe anaangalia shingo. Weka uzito. Mimi niliweka mchele."

Nilijaribu mchele, lakini punje zilichoma kitambaa na kufanya sauti alipotembea. Nikajaribu wimbi. Wimbi ni punje ndogo, linafuata mkono, likikaa linakaa kama kitu chenye akili. Nilichukua sidiria yake kuukuu nikapima lile titi lililobaki, nikakata vipande vinne vya kitambaa cha pamba nyororo, nikaviunganisha kama mtu anayeshona mpira, nikaacha mdomo mdogo nyuma wenye kamba. Nilimpimia uzito mwenyewe mkononi, mkono mmoja juu ya lile la wimbi, mkono mwingine chini ya lake, sote wawili tumefumba macho. Nilipunguza, nikaongeza. Aliposema "hapo," nilifunga kamba. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu ule, hata nguo za harusi.

Nilimwambia jambo moja tu: kabla hujafua, mwaga wimbi.

Alifua bila kumwaga. Alikamua kwa haraka, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akalisahau nyuma ya mlango wa saluni, akavaa soksi siku tatu. Siku ya nne akanipigia simu. Nilikuwa barazani na mguu juu ya kanyagio.

"Wa maituuu! Imeota!"

"Nini?"

"Titi! Limetoa kimera! Nakwambia lina mizizi, lina vijani vinatokea kwa mshono! Ile ya kuprinti imefika, na imenipita, imefikia mwenye duka la mbegu!"

Nyuma yake nilisikia saluni nzima ikipiga makelele. Alisema angelipanda kwenye debe mlangoni na kuvuna matiti ya mtaa mzima. Nilimwambia alete kitambaa nikifue. Nilikata simu, nikabaki nimeshika kitambaa cha mteja, nikafikiria maneno ya daktari, kwamba kiunzi kinawekwa na mwili unamea juu yake. Sikuwa nimemwambia hayo pia. Nilimwambia neno moja tu, na hilo moja sikuwa na hakika nalo.

Baada ya siku ile ndipo alipoanza kuniuliza kila tulipokutana. Wengine wanasema sasa, wanasema habari. Yeye alisema, "Imefika?" Nami nilijibu, "Bado kidogo." Mara ya kwanza nilijibu kwa kuogopa. Mara ya kumi nilijibu kwa mazoea. Mara ya hamsini sijui nilijibu kwa nini. Nilijiambia kuna siku nitaketi naye nimwambie, sikiliza, daktari alisema usingoje. Lakini ungemwambiaje mtu hivyo akiwa anakula, au anacheka, au amesimama mlangoni na blauzi mpya iliyomkaa sawa? Alikuwa amepona. Tulidhani amepona. Nikaona mtu aliyepona anaweza kuachiwa neno lake.

Katika mwaka wa tatu mgongo ulianza kumuuma. Alisema ni kusimama, wasusi wote wana mgongo. Haukuwa kusimama. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Nilimhamishia kwangu Kiganjo, kwenye kitanda changu karibu na dirisha, mimi nikalala chini. Mwishoni hakuvaa titi la wimbi, lilikuwa zito kwake, lakini alitaka likae kwenye kiti mahali alipoweza kuliona. Asubuhi moja nilikuwa nikimwosha uso. Alifungua macho.

"Imefika?"

"Bado kidogo," nikasema.

Alinishika kidole. "Wewe usichoke kungoja, wa maitu."

Nilidhani ni dawa za maumivu zinazosema. Zilikuwa zikimfanya ageuze maneno. Alikufa baada ya siku mbili, mchana, mama akiwa anamnywesha maji kwa kijiko.

Tulipokwenda mochari kumvalisha nilibeba gauni la bluu na titi la wimbi. Mama aliliona kwenye mfuko akanizuia nje ya mlango.

"Hilo limwagwe kwanza."

"Mami, bila hilo gauni halitakaa."

"Mbegu hailali na mtu."

"Ni mila?"

"Sijui kama ni mila," mama alisema. "Hailali tu."

Nilikaa kwenye ngazi nikafungua ile kamba niliyoifunga aliposema hapo. Nililimwaga wimbi kwenye mfuko wa mkate, na ndani ya kitambaa nikatia vipande vya vitambaa vilivyokuwa kwenye mkoba wangu wa kazi, vya rangi zote, mpaka likajaa. Halikuwa na uzito tena. Nililibana na pini mbili lisipande shingoni. Tulimzika Murera kwenye shamba dogo la baba, na nilipokuwa nikitupa udongo sikuwa nikifikiria mbingu wala ufufuo. Nilikuwa nikifikiria zile pini.

Watu walipomaliza kuja, lile neno likaja likakaa. Nilikuwa nimekanyaga cherehani na ghafla mguu unasimama. Nilianza kujiuliza daktari alisema nini hasa. Huenda alisema bado kidogo, nami nikalibeba kama lilivyo, na tangu hapo nimejishitaki bure. Au alisema bado, na ile kidogo niliitoa kwangu, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula cha mwenzake bila kuulizwa. Nilisumbuka hivyo kwa miezi. Mwisho nilifunga cherehani siku ya kliniki, nikaenda.

Nilipanga foleni na wagonjwa. Nilipofika mezani alikuwa yule nesi, kalamu ile ile kwenye nywele.

"Kadi?"

"Sina kadi. Mgonjwa alikufa."

Akaacha kuandika. "Pole sana, mama. Unataka cheti?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza neno."

Nafikiri aliniona nimechanganyikiwa, na hakukosea. Alinisogeza kwenye kiti cha pembeni, akahudumia watu wanne, kisha akaja akakaa. Nikamweleza. Nikamwuliza, siku ile, mimi nilipouliza habari ya titi la printa, daktari alisema bado au bado kidogo?

Alinitazama kwa huruma. "Mama, daktari yule alihamishwa. Na mimi naskia bado mara mia kwa siku moja. Dawa bado, mashine bado, daktari mwenyewe bado. Siwezi kukumbuka hiyo."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeinuka.

"Lakini dadako namkumbuka," alisema. "Yule wa saluni, si ndiyo? Siku ya kutoa nyuzi aliniuliza yeye mwenyewe hiyo mambo ya kuprinti. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, dada, si ya leo, si ya kesho, usiweke roho yako huko."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Usimwambie dada yangu. Huyo ndiye anangoja.'"

Niliketi tena.

Kuna mtu akisoma hapa ataona kwamba mzigo umenitoka, kwamba alijua na akanisamehe. Mimi mwenyewe nilijaribu kuliona hivyo njiani kurudi Thika. Lakini halikai. Siku ya kutoa nyuzi titi lilikuwa limeshatolewa. Neno langu lilikuwa limeshafanya kazi yake kabla hajagundua. Na kama aligundua, basi miaka yote ile ya "imefika?" alikuwa akiniuliza nini? Alikuwa ananitania? Ananipima, aone kama siku moja nitasema kweli? Au alidhani mimi ndiye ninayeshikilia ahadi ile nisianguke, kwa hiyo akawa ananishikilia nayo? Mimi nilimdanganya ili asife, yeye akajifanya amedanganyika ili mimi nisihuzunike, na tukawa tunasalimiana hivyo, wawili tunaojua, kila mmoja akidhani anajua peke yake. Nimeshona vitu vingi maishani na sijawahi kuona mshono kama huo, ambao ukivuta uzi upande wowote unakaza.

Mama nilimweleza. Alisema, "Alikuwa mtoto wa kutania." Halafu baada ya muda mrefu akaniuliza, "Na ile tishu, kweli wanaiweza?" Nikamwambia wanasema wanaelekea kuiweza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakupanga kununua.

Mwezi uliopita mwenye duka aliniita ndani. Kulikuwa na mwanamke amesimama kati ya majora ya vitambaa, kilemba kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi, mikono ameikunja juu ya kifua kama anayeona baridi. Alikuwa ameambiwa na mtu, naye mtu ameambiwa na mtu, kwamba kuna fundi anayeshona.

"Huyu ni mkono mzuri," mwenye duka alimwambia. "Mimi sasa navaa ya kwake. Usiogope."

Nilimpeleka nyuma ya pazia nikatoa utepe. Alikuwa akizungumza harakaharaka, kama watu wanavyozungumza wakivua nguo mbele ya mgeni.

"Hii ni ya muda tu, fundi. Nimeskia siku hizi kuna ya kuprinti. Tishu kabisa, yako mwenyewe. Wewe umeskia? Wanasema nikatwe ya pili pia, nikawaambia wacha kwanza nijue hiyo imefika wapi. Kwani imefika?"

Mkono wangu ulikuwa mgongoni kwake na utepe. Nilisikia moyo wake ukigonga kupitia utepe, au ulikuwa wangu.

"Bado," nikasema.

"Bado kidogo, ee?"

Alilisema yeye. Mimi nilifunga mdomo baada ya bado, ninajua nilifunga, niliyasikia meno yangu yakikutana. Na yeye akaliongeza mwenyewe, pale pale, bila kusita, akageuza uso kunitazama juu ya bega na mabega yakashuka. Nilisimama na utepe nikaiona ile korido na benchi na mkoba mapajani, na nikajaribu kusikia tena, sauti ya nani? Yangu au yake? Sikusikia. Hata sasa ninapoandika, nikisikiliza upande mmoja ni mimi, nikisikiliza upande mwingine ni yeye.

"Bado," nikasema tena. "Daktari alisema mtu asingoje. Nenda wakutoe ugonjwa kwanza. Alisema hivyo mara mbili. Asingoje."

Mabega yalirudi juu, na niliyaona yakirudi, na nilitamani kuyashusha. Nje ya pazia mwenye duka alikuwa akikata kitambaa, mkasi ukitembea mezani bila kusimama.

"Daktari alikwambia wewe?" aliuliza mwisho.

"Aliniambia nimwambie mtu."

"Na ulimwambia?"

"Ndiyo ninakwambia wewe."

Alinitazama, sijui aliona nini. Kisha akainua mikono yake yote miwili kichwani, kama mtu anavyotakiwa kufanya akipimwa, nikamzungushia utepe.

"Utaweka nini ndani?"

"Wimbi," nikamwambia. "Ukitaka kufua, umwage kwanza."